Modemu ni ya Shangazi, Kasi ni ya Kampuni

Wenzangu chamani wameniomba niandike somo la teknolojia kwa Kiswahili, nami nitaanzia kwa shangazi yangu anayeishi Minnesota, Marekani. Yeye hufundisha watoto wa Wakenya huko Kiswahili kwa video, na hulipwa kwa kila somo. Intaneti yake huja kwa kebo ile ile ya televisheni. Alikuwa akikodi modemu ya kampuni kwa dola 15 kila mwezi, akachoka, akanunua yake kwa dola 180. Pigeni hesabu: baada ya miezi 12 pesa zake zimerudi. Hapo alifanya vyema. Lakini alitumaini pia kwamba masomo yake sasa yatapanda upesi. Wapi!

Sababu ni hii. Kebo hizo zilianza kutandazwa Marekani mwaka 1948 ili kuleta picha nyumbani. Nani alitarajia mwenye nyumba arudishe kitu? Televisheni ilianzia megahezi 54 kwenda juu. Intaneti ilipoingia miaka ya 1990, njia ya kupeleka ikabanwa chini ya hapo, kati ya megahezi 5 na 42, huku ya kuleta ikipewa mamia. Ni kama barabara pana ya kuingia mjini na kijia kimoja cha kutoka. Tena kijia hicho majirani hukitumia pamoja, na kelele za umeme za kila nyumba humwagika humo humo. Siku hizi kampuni zingine zimekipanua hadi megahezi 85, lakini mtaa wa shangazi bado.

Yeye hulipia megabiti 300 kwa sekunde za kupakua na 10 za kupakia. Msichanganye biti na baiti (hapa ndipo wengi huanguka): baiti 1 ni biti 8. Somo lake moja ni megabaiti 1,500, yaani megabiti 12,000. Kulipakua ni sekunde 40. Kulipakia ni sekunde 1,200, dakika 20 nzima!

Na modemu mpya je? Yenyewe ina uwezo wa kupeleka zaidi ya hizo 10. Lakini kila inapowashwa hupokea faili ya maagizo kutoka kwa kampuni, na humo ndimo kasi imeandikwa. Hata ununue ya dhahabu, itatii faili. Kubadilisha kungefaa tu kama ile ya kwanza ingekuwa kuukuu, isiyofikia kasi iliyolipiwa.

Kwa hivyo anayetaka kununua aitishe kwanza orodha ya modemu ambazo kampuni yake inakubali. Kisha aulize kasi ya kupakia, maana matangazo hupenda kutaja ya kupakua tu. Aangalie pia kama ina waifai ndani. Ya shangazi haikuwa nayo, ikabidi aongeze ruta. Na akirudisha ile ya kukodi, asitoke bila risiti.

Shangazi alipiga simu. Akaambiwa mpango wenye megabiti 35 za kupakia upo, dakika 6 hivi kwa somo, ila ni dola 20 zaidi kila mwezi. Ati kodi aliyokwepa ni 15! Bado anafikiria. Kwa sasa hupakia usiku kabla ya kulala, wakati sisi huku tunaamka.