Ndoo na Kitabu

Katika nyumba nyingi za Kalemie, binti huamka alfajiri kwenda kuteka maji, naye kaka yake hushika kitabu. Je, hayo ni maumbile? La, ni mazoea; mtoto hujifunza kwa kuona. Nayo mazoea yakikomaa hugeuka sheria. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 ilimdai mke ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya mapatano ya kazi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Lakini sheria mpya haiteki maji. Basi, enyi wazazi, wapeni watoto wote ndoo, na wote kitabu.

Ulizo: Kijana aliyezoea kumtumikisha dada yake, atajifunza wapi kumheshimu mkewe?