Dakika tatu za kupanda na kushuka: jinsi mtu mzima anavyoweza kupima uwezo wa moyo wake

Mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha na mwendeshaji bodaboda aliyeshinda barabarani tangu alfajiri wote hurudi nyumbani wamechoka. Uchovu huo hausemi lolote kuhusu nguvu za moyo na mapafu yao. Wa bodaboda ameketi karibu siku nzima, na mvuvi ametumia zaidi mikono na mgongo. Hata unene au wembamba haumalizi swali, kwani wapo wembamba wanaohema baada ya kupanda kilima kidogo.

Kwa wakazi wa Kisegi na vijiji jirani walio na afya njema, kuna kipimo kisichohitaji mashine: kupanda na kushuka kipandio kimoja kwa dakika tatu, kisha kuhesabu mapigo ya moyo.

Kipimo hiki kina historia ndefu. Mwaka wa 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Lucien Brouha na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walieleza kipimo cha kupanda kipandio cha karibu sentimita 50, mara 30 kwa dakika, hadi dakika tano. Kilikuwa cha vijana wenye nguvu. Baadaye vilitungwa vipimo vyepesi zaidi. Hapa Kenya, watafiti wa Kenya na Denmark walitumia kipimo cha aina hii walipochunguza uwezo wa mwili wa Waluo, Wakamba na Wamaasai wanaoishi vijijini.

Msingi wake ni huu: moyo wenye nguvu husukuma damu nyingi kwa kila pigo, kwa hivyo hauhitaji kupiga mara nyingi kwa kazi ileile. Watu wawili wakipanda kipandio kimoja kwa kasi moja, yule ambaye moyo wake unapiga mara chache zaidi baada ya hapo kwa kawaida ndiye mwenye uwezo mkubwa.

Kipimo kinachofaa nyumbani hutumia kipandio cha takriban sentimita 30, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi. Benchi la kanisani mara nyingi ni refu kupita kiasi, na kreti ya soda huteleza. Ngazi ya saruji au jiwe pana lisilotikisika ni salama zaidi. Mpimwaji hupanda kwa mguu mmoja, akaleta wa pili, akashusha wa kwanza, kisha wa pili. Mzunguko huo hurudiwa mara 24 kwa dakika. Asiye na programu ya mdundo kwenye simu amwombe mwenzake atazame saa: mizunguko miwili kila sekunde tano, jumla 72 kwa dakika tatu.

Sehemu inayoharibiwa na wengi ni ya mwisho. Mara tu dakika tatu zinapoisha, mpimwaji aketi na kuanza kuhesabu ndani ya sekunde tano, kwa dakika nzima, akitumia vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Kidole gumba chenyewe kisitumike, kwa sababu kina mapigo yake. Anayepoteza nusu dakika akitafuta mshipa atapata hesabu nzuri isiyo ya kweli, maana moyo hutulia haraka.

Majedwali ya kulinganisha yapo, lakini mengi yalitokana na watu wa nchi za mbali, na mtu mfupi hutumia nguvu zaidi kwenye kipandio kilekile. Afadhali mtu ajilinganishe na nafsi yake. Kwa mfano, aliyepata mapigo 128 leo, akitembea kwa kasi nusu saa siku tano za wiki, anaweza kujipima tena baada ya miezi miwili. Akipata 115, moyo umepata nguvu. Mradi kipandio, kasi na saa ya siku visibadilike: jua la mchana, chai ya rangi, homa, au kukesha ziwani kutafuta omena hupandisha hesabu. Baadhi ya dawa za presha huishusha.

Wajawazito, wenye maumivu ya magoti, na walio na ugonjwa wa moyo wasijaribu bila ushauri wa daktari. Wengine wote wapimwe presha kwanza. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea boma anaweza kufanya hivyo. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, kwanza ni kliniki. Anayehisi kizunguzungu au maumivu ya kifua akiwa kwenye kipandio aache papo hapo, na maumivu ya kifua yasisubiri kesho. Vilevile, mtu ambaye mapigo yake yanapita 100 kwa dakika akiwa ametulia, bila homa, afike kituo cha afya hata kama hajisikii mgonjwa.