Mgongo hauonekani, michango yako inaonekana

Mdogo wangu wa Mahoko, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nimeamua kuijibu hapa mbele ya wasomaji wote kwa sababu najua hauko peke yako. Unasema mgongo ulianza kuuma siku ulipoinua gunia ghalani, na sasa ni mwaka wa tatu. Ukikaa kidogo lazima usimame, ukisimama kidogo lazima ulale. Kila mwezi mshahara unakatwa mchango wa RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii ya Rwanda. Mumeo anakuambia uombe malipo ya ulemavu, na wewe unaona haya. Umeniandikia: "Dada, mimi natembea kwa miguu yangu, nitajiitaje mlemavu?"

Naelewa haya hiyo inatoka wapi. Mahoko ni mahali ambapo mzigo ni maisha. Karani-ngufu, yaani mpagazi, anatoka sokoni na gunia la viazi begani mpaka kwenye lori, anarudi kuchukua jingine. Mama anashuka milima ya Kanama na kikapu cha karoti kichwani na mtoto mgongoni. Katika mji kama huo, anayesema mgongo unamuuma anajibiwa: na nani haumuumi? Basi mtu ananyamaza. Anakunywa dawa ya maumivu asubuhi, anaendelea, na mwaka unapita.

Lakini sikiliza. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba hakuna tatizo jingine la kiafya linalowapa watu ulemavu mwingi kuliko hilo duniani kote. Wengi wao wanatembea kwa miguu yao kama wewe. Ulemavu hapa maana yake ni kazi ambayo mwili wako haukubali tena kuifanya, hata kama jirani haoni mkongojo mkononi mwako.

Sasa tuje kwenye pesa, kwa sababu ndiyo inayokuogopesha zaidi. Unaandika kana kwamba unakwenda kuomba msaada. Angalia fishi yako ya mshahara. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni nchini Rwanda ni asilimia 12, nusu unalipa wewe na nusu analipa mwajiri. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 6 kwa jumla. Watu wanadhani pesa hiyo ni ya uzeeni tu. La. Mfuko huohuo unamlipa mzee aliyestaafu, unawalipa mjane na yatima wa mchangiaji, na unamlipa mchangiaji aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi kabla ya umri wa kustaafu. Juu ya hiyo, mwajiri analipa asilimia 2 nyingine peke yake kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini. Kwa hiyo ukienda RSSB, ambayo wazee wetu bado wanaiita Caisse Sociale, hujaenda kuomba sadaka. Umekwenda kudai kile ulichokuwa ukikilipia kwa jasho lako.

Kuna milango miwili katika nyumba hiyo, na kuuchagua ule usiokufaa ndiko kunakowapotezea watu miezi mingi. Mlango wa kwanza ni wa ajali ya kazini. Wewe umesema gunia, umesema ghalani, umesema saa za kazi. Hiyo ni ajali ya kazini, na mwajiri anatakiwa kuitangaza RSSB. Faida ya mlango huu ni kwamba hata ulemavu usio mkubwa sana unahesabiwa: daktari akikuta umepoteza asilimia 15 au zaidi ya uwezo wako kwa kudumu, unalipwa pensheni, ikiwa ni chini ya hapo, unapewa malipo ya mara moja. Umeniambia msimamizi wako siku ile alikupa dawa ya maumivu akakurudisha nyumbani bila kuandika chochote. Hilo ni kosa lake, si lako. Ila usiliache likae hivyo. Tafuta waliokuwepo siku ile. Tafuta fishi ya kituo cha afya ulikokwenda, hata kama ulikwenda baada ya siku mbili. Mwandikie mwajiri barua yenye tarehe, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Akikataa kuandika, nenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Yupo kwa ajili ya mambo kama haya na huduma yake hailipiwi.

Mlango wa pili ni pensheni ya ulemavu ya kawaida, kwa mgongo ulioharibika taratibu bila siku moja unayoweza kuitaja, au kwa ugonjwa uliotoka nje ya kazi. Hapa wanaangalia umechangia kwa muda gani, kama michango yako ilikuwa hai ugonjwa ulipokuzidi, na daktari anasema nini juu ya uwezo wako wa kufanya kazi. Ndiyo maana nakusihi usiache kazi kwanza ndipo uombe. Nimewaona wengi wanakasirika, wanaandika barua ya kuacha, wanakaa nyumbani mwaka mzima wakijiuguza, halafu wanakumbuka RSSB wakati michango imekwisha kukatika. Omba ukiwa bado kwenye orodha ya wafanyakazi. Mwombe daktari aandike kwamba hufai kubeba uzito, umpelekee mwajiri, umwombe akuhamishe kwenye kazi nyepesi wakati faili lako linatembea.

Na faili litatembea polepole, nisikudanganye.

Jambo linalowaangusha wengi ni mazungumzo na daktari. Sisi tumelelewa kusema "sijambo" hata tukiwa na homa. Unaingia chumbani, daktari anauliza hali, unajibu "nashukuru Mungu", naye anaandika: mgonjwa anaendelea vizuri. Siku hiyo weka adabu hiyo pembeni kidogo. Mweleze siku zako mbaya zikoje na zinakuja mara ngapi kwa wiki. Usimwambie tu "inauma". Mwambie huwezi kuinua ndoo ya maji, unavaa viatu kwa msaada wa mtoto, usiku unaamka mara ngapi, ukipanda gari kutoka Mahoko hadi Gisenyi unashuka mguu mmoja umekufa ganzi. Picha ya mgongo peke yake haitoshi: kuna watu ambao picha zao ni mbaya na hawaumwi, na wengine picha safi na hawalali. Wala usiongeze chumvi. Madaktari hawa wamewaona wengi, na uongo mmoja ukigunduliwa unaharibu na ukweli wako wote.

Karatasi zako tunza. Waliokumbwa na mto Sebeya usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko yalipoua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi, wanajua jinsi maji yanavyochukua nyumba pamoja na kila hati iliyokuwa ndani. Piga picha kila fishi, kila transferi ya hospitali, kila cheti kwa simu, umtumie na ndugu yako anayeishi kwingine.

Najua wapo wanaosoma hapa na kusema: dada, unaongea na wenye fishi za mshahara, sisi je? Wewe karani-ngufu, wewe mama wa kabichi, wewe unayelima vibarua, RSSB haikukati mchango, kwa hiyo milango ile miwili haikuhusu, na inaniuma kusema hivyo kwa sababu migongo yenu ndiyo inayochakaa zaidi. Njia yenu inapitia kwenye mudugudu na kagari, yaani uongozi wa kijiji na wa kata ndogo. Kwa miaka mingi Rwanda imewapima watu wenye ulemavu kwa madaraja 5, la kwanza likiwa la asilimia 90 kwenda juu na la tano chini ya asilimia 30. Mgongo wa mtu anayetembea ni nadra kufika juu. Lakini kuandikishwa kuna maana hata ukiwa daraja la chini, kwa sababu VUP, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini ulioanza mwaka 2008, unaangalia pia kama nyumba yako ina mtu mwenye nguvu ya kufanya kazi. Nyumba isiyo na mtu kama huyo inaweza kupewa msaada wa moja kwa moja, na yenye nguvu kidogo inaweza kupewa kazi nyepesi badala ya kuchimba barabara. Mweleze mkuu wa mudugudu hali yako kabla orodha hazijapitiwa, si baada. Bima yako ya afya ya mituweli iwe imelipwa, uanzie kituo cha afya ndipo upewe transferi ya kwenda hospitali. Na hata kama ni kidogo, weka kitu Ejo Heza, akiba ya uzeeni iliyoanzishwa hasa kwa watu wasio na mwajiri.

Kuomba malipo hakumaanishi kukubali kulala. Hofu yako nyingine, kwamba ukipewa pensheni utakuwa umejifungia kitandani, haina msingi: daktari anaweza kukupima tena baadaye, na ukipona unarudi kazini kwa heshima zote. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu sugu ya mgongo, yaani yanayozidi miezi 3, na lilichokiweka mbele ni mazoezi yaliyopangwa na mtaalamu, mafundisho ya kujitunza na msaada wa kisaikolojia. Mikanda ya kubana kiuno haikupewa sifa, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Uliza hospitalini kuna fiziotherapia siku gani, uende, na utembee kila siku kadiri mwili unavyokuruhusu.

Ila ukiona mkojo au choo vinatoka bila wewe kujua, ganzi katikati ya mapaja, au mguu unaanza kulegea, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na mgongo unaokuja na homa za jioni na kukonda unahitaji kupimwa kifua kikuu, kwa sababu ugonjwa huo huingia pia kwenye mifupa ya uti wa mgongo, na unatibika.

Mdogo wangu, umeniuliza uombe au usiombe. Omba. Anza na mlango wa ajali ya kazini, na ukikataliwa omba uandikiwe sababu, kisha ukate rufaa au ubishe mlango wa pili. Majirani watasema, na wakisema, hawatakulipia ada za watoto. Jumatatu chukua kitambulisho chako, nenda tawi la RSSB la Rubavu, uombe kuonyeshwa michango yako yote, mwezi kwa mwezi. Miezi ambayo mwajiri alikukata na hakuipeleka, idai siku hiyohiyo.