Bangi na Ubongo wa Kijana: Mzazi Afanye Nini

Kijana anayeanza kuvuta bangi huwa amekwisha kuambiwa mengi na wenzake: kwamba inatuliza mawazo, inaongeza akili darasani, inatia nguvu ya kulima na kubeba mizigo, na kwamba ni majani tu, hayana madhara. Mzazi akijibu kwa fimbo, au kwa kitisho cha “utakuwa kichaa”, hapati msikilizaji, kwa sababu kijana anawajua wavutaji walio timamu. Mzazi anayetaka kusikilizwa aijue bangi kwanza kama ilivyo, ndipo azungumze.

Jua inavyofanya kazi

Kinacholewesha kwenye bangi ni kemikali iitwayo THC. Wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga na kuutambua muundo wake nchini Israeli mwaka 1964. Ubongo una vipokezi vinavyopokea kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe ili kuratibu kumbukumbu, njaa, hofu na mwendo. THC hujipachika kwenye vipokezi hivyohivyo na kuuvuruga uratibu huo. Ndiyo maana mvutaji husahau alichokuwa akikisema, hushikwa na njaa ya ghafla, na huona dakika tano kama nusu saa.

Kwa kijana hatari ni kubwa zaidi. Ubongo huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi, na sehemu ya mbele, inayopima matokeo na kuzuia pupa, hukomaa mwisho. Mwaka 1987 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia maelfu ya vijana walioandikishwa jeshini. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walikuwa na uwezekano mara sita zaidi wa kuugua skizofrenia, ugonjwa mkubwa wa akili, kuliko wasiowahi kuvuta. Utafiti huo peke yake hauthibitishi kwamba bangi ndiyo iliyowaletea ugonjwa, lakini tafiti zilizofuata zimeonyesha mwelekeo uleule: kadiri mtu anavyoanza mapema, anavyovuta mara nyingi na anavyotumia bangi kali, ndivyo hatari inavyoongezeka. Ikiwa katika ukoo wenu kuna aliyewahi kuugua ugonjwa mkubwa wa akili, mwambie mwanao wazi. Kwake yeye hata “kujaribu tu” kuna uzito mwingine.

Tazama mwili

Ndani ya dakika chache baada ya kuvuta, moyo huenda mbio, macho huwa mekundu na kinywa hukauka. Moshi wa bangi una lami na sumu nyingi zilizomo kwenye moshi wa sigara, hivyo mvutaji wa kila siku hupata kikohozi, makohozi na mkamba. Wachache waliovuta kwa miaka hupatwa na kutapika kusikokoma, na nafuu huipata kwa kuoga maji ya moto. Mjamzito anayevuta humpelekea mtoto THC kupitia kondo la nyuma, na mtoto huyo ana hatari ya kuzaliwa na uzito mdogo. Dereva wa bodaboda aliyevuta huchelewa kushika breki, hata kama mwenyewe anajiona yuko makini.

Dalili moja haitoshi kumhukumu mtoto, maana macho mekundu yanaweza kuwa ya vumbi au ya kukosa usingizi. Angalia mabadiliko yanayoambatana kwa wiki kadhaa: maksi zinashuka, marafiki wa zamani wameachwa, fedha ndogondogo zinapotea, na mambo aliyoyapenda hayamvutii tena.

Zungumza naye hivi

1. Subiri awe na akili zake. Aliyelewa hafundishiki.
2. Mketi wawili. Baraza la wajomba na mashangazi humtia aibu, naye atajifunza kuficha zaidi.
3. Uliza kabla ya kulaumu: alianza lini, anavuta na nani, anavuta mara ngapi, na inamsaidia nini. Ukisikia “ili nilale” au “ili nisahau”, basi kuna tatizo lingine linalotakiwa kutibiwa.
4. Mpe jaribio: aache kwa mwezi mmoja, kisha mtazame pamoja usingizi wake, masomo yake na fedha zake. Akishindwa kuacha, atakuwa amepata jibu bila wewe kubishana naye.

Akiacha, msimamie

Wapo wanaosema bangi haina arosto, yaani mateso ya mwili mtu anapoacha kilevi. Inayo. Kwa mvutaji wa kila siku huanza siku ya kwanza au ya pili: hasira za haraka, kukosa usingizi, jasho, chakula kutopita, na ndoto nzito. Huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua sana baada ya wiki mbili. Mwambie mapema ili asidhani anaugua. Apate maji, chakula chepesi, mazoezi na shughuli za jioni, saa ambazo wenzake hukutana. Asiibadilishe kwa pombe wala kwa sigara. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo kipimo cha mkojo kinaweza kuendelea kuionyesha kwa wiki kadhaa. Usimwite mwongo kwa hilo.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Bangi iliyotiwa kwenye keki au biskuti huchukua nusu saa hadi saa mbili kabla ya kupanda. Mlaji huona haifanyi kazi, akaongeza, kisha ikamzidi. Mtoto mdogo aliyekula apelekwe hospitali mara moja, hata kama anaonekana amesinzia tu. Vivyo hivyo kwa mtu yeyote mwenye maumivu ya kifua, asiyeamshika, anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayetaka kujidhuru. Mwambie daktari ukweli wa alichotumia, maana matibabu yanategemea hilo.

Kwa ushauri, Tanzania piga 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na Kenya piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Hospitali nyingi za rufaa zina kliniki ya afya ya akili, anzia hapo.

Si kila aliyevuta atadhurika, lakini wanaoanza katika ujana ndio wanaonaswa zaidi. Inakadiriwa kwamba mmoja kati ya sita wao huwa mtumwa wa bangi. Kila mwaka unaopita kabla ya msokoto wa kwanza ni mwaka ambao ubongo wa mwanao umekomaa kwa usalama. Mzazi, zungumza na mwanao wiki hii, kabla mtaa haujazungumza naye.