SAA YA MWILI NA SAA YA UKUTA



Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, kuna saa ndogo. Mwanga wa jua ndio unaoirekebisha. Hapa Goma, karibu na ikweta, jua linatoka karibu saa 12 asubuhi mwaka mzima. Giza likiingia, ubongo unatoa homoni ya melatonini, na usingizi unakuja. Kabla ya mapambazuko homoni ya kortisoli inapanda, mwili unajitayarisha kuamka.

Lakini ubongo hauhesabu dakika sawasawa kila mara. Mwaka 1933 Hudson Hoagland wa Marekani aliandika juu ya mke wake aliyeshikwa na homa. Alimwomba ahesabu sekunde 60. Mama yule alimaliza kabla dakika haijatimia. Joto likipanda, alihesabu mbio zaidi. Hofu nayo inarefusha muda. Waliokimbia Nyiragongo usiku wa tarehe 22 Mei 2021 wanajua.

Hapo ndipo kuna hatari. Mgonjwa wa malaria anaona amengoja nusu siku, kumbe zimepita saa 2 tu. Anameza parasetamoli tena. Dawa hiyo ikizidi, inaharibu maini.

Basi, wewe unayemlinda mgonjwa:

1. Andika saa ya kila dawa.
2. Fuata saa ya ukuta ao ya simu, na maagizo ya muuguzi.
3. Usimkaripie akisema umekawia. Kwake yeye muda ni mrefu kweli.

Ulizo: Nyumbani kwenu, nani anaandika saa ya dawa?