Somo kwa Vyama vya Wavuvi: Kuchagua Mashua Ndogo ya Alumini kwa Maji ya Mawimbi

Kamati ya chama cha wavuvi inapoamua kununua mashua huamua mambo mawili kwa pamoja: namna fedha ya wanachama itakavyotumika, na namna watu watakavyorudi nyumbani. Kosa katika jambo la kwanza huonekana katika vitabu vya hesabu na laweza kusahihishwa. Kosa katika jambo la pili halisahihishwi na mkaguzi yeyote. Kwa hiyo haifai ununuzi huo kuachiwa katibu peke yake, akiwa na karatasi za bei mkononi na muuzaji mbele yake. Somo hili limekusudiwa kusomwa na kujadiliwa kabla fedha haijatoka benki.

1. Maji kwanza, mashua baadaye

Mashua huchaguliwa kwa kufuata maji itakayofanyia kazi. Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha wastani ni meta 40 tu. Upepo ukivuma juu ya uwanja mpana namna hiyo huinua mawimbi mafupi, yaliyosimama na yanayofuatana kwa karibu. Tena radi na dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku hadi alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wamo kazini. Katika pwani, chama kitazame hali ya kusi, wala kisiipime mashua kwa siku ya maji matulivu.

2. Sifa na aibu za alumini

Uzito wa alumini ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma cha ukubwa ule ule. Haiozi kama mbao, wala haihitaji kalafati. Mashua nyepesi huvutwa pwani na watu wachache na hutumia petroli kidogo. Lakini wepesi huo huo huifanya irushwe na mawimbi na kusukumwa na upepo. Aidha, mtumbwi wa mbao ukijaa maji kwa kawaida mbao zake huelea; mashua ya alumini isiyo na maboya ya ndani huzama kama sufuria.

3. Umbo la kitako

Kitako bapa hutulia maji yakiwa shwari, ila katika mawimbi hupiga maji kwa kishindo, huumiza migongo ya wavuvi na kulegeza viungo vya mashua. Kitako chenye umbo la V hupasua wimbi. Hata hivyo, V kali mno hutaka mashine yenye nguvu zaidi, na mashua huyumba inaposimama. Wavuvi husimama upande mmoja wakivuta nyavu, kwa hiyo utulivu wa mashua iliyosimama ni sehemu ya usalama wao. Kinachofaa ni V kali omoni inayopungua kuelekea tezi, pamoja na upana wa kutosha. Kwa kazi ya mawimbi urefu wa futi 16 hadi 20 ni wa busara kuliko futi 12 au 14, na kimo cha ubavu juu ya maji kisitolewe kafara kwa sababu ya bei.

4. Unene, ribiti na kuchomelea

Mashua nyepesi nyingi hutengenezwa kwa bati la milimeta 1.5 hadi 2. Kwa maji ya mawimbi, kitako cha milimeta 3 au 4 chenye mataruma ya karibu karibu hudumu zaidi. Muuzaji aulizwe namba ya alumini iliyotumika: 5052 na 5083 ni aina zinazofahamika kwa kazi ya majini.

Mashua iliyofungwa kwa ribiti huweza kuanza kuvuja ribiti zikilegea, lakini fundi wa kawaida anaweza kuzibadilisha. Iliyochomelewa ni imara zaidi, ila ikipata ufa hutaka fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni. Mchomeleaji wa milango na madirisha ataitoboa. Chama kisinunue mashua ya kuchomelewa kabla ya kujua fundi huyo yuko mji gani, na gharama ya kuipeleka huko ni kiasi gani.

5. Hesabu ya mzigo

Na ichukuliwe mfano wa chama kinachopeleka wavuvi wanne kwa kila safari. Wavuvi wanne wa kilo 75 ni kilo 300. Nyavu zilizolowa ni kilo 120. Samaki na barafu ni kilo 250. Mashine ya nguvu farasi 40 ni kilo 70. Petroli lita 50 ni kilo 37. Nanga, kamba na makasia ni kilo 23. Jumla ni kilo 800.

Mashua iliyoandikwa kilo 500 ingeuzwa kwa bei ndogo, na siku ya shwari ingeonekana inafaa. Siku ya mawimbi, hizo kilo 300 za ziada ndizo zitakazoshusha ubavu na kuliingiza ziwa ndani. Hapo ndipo usemi wa wazee, rahisi ghali, unapodhihirika.

Mashua nyingi zilizotengenezwa Marekani za chini ya futi 20 huwa na kibao kinachotaja watu, uzito na nguvu ya mashine. Za soko la Ulaya hupewa herufi: C ni kwa mawimbi ya hadi meta 2, na D ni kwa maji yaliyokingwa. Mashua ya D haifai kwa ziwa wazi, hata ikiwa mpya.

6. Adui wa alumini

Alumini inapogusana na shaba mahali penye maji huliwa, na maji ya chumvi huharakisha ulaji huo. Sarafu au kipande cha waya wa shaba kilichosahauliwa katika ngama chaweza kutoboa kitako. Rangi yenye shaba isipakwe kamwe. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, zikitengwa na alumini kwa mpira au plastiki. Anodi ziwe za zinki baharini na za magnesi ziwani, na zibadilishwe zinapolika. Kulika ndiyo kazi yake.

7. Majaribio kabla ya malipo

Mashua ijazwe mzigo kamili majini. Watu wote wasimame upande mmoja, na kimo cha ubavu kilichobaki kipimwe kwa rula. Kisha ijazwe maji karibu na ufuko ili ionekane kama maboya yake yanaibeba pamoja na mashine. Povu la ndani likaguliwe: lililonyonya maji halielezi, bali huongeza uzito. Ubao wa tezi utikiswe mashine ikiwa imepachikwa. Muuzaji anayekataa majaribio haya amekwisha kutoa jibu.

8. Wajibu wa kamati

Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, mkopo wa chama haupaswi kuvuka ukomo wa madeni ulioamuliwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Bei itakayopelekwa mkutanoni iwe ya safari nzima: mashua, mashine, jaketi za kujiokolea kwa kila mvuvi, usajili, na akiba ya matengenezo. Wavuvi watakaoipanda wapewe nafasi ya kusema, na maneno yao yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Mjumbe aliyeko pwani asiharakishe kuamua juu ya mawimbi yatakayompiga mwenziwe.

Maswali ya kujadili

1. Jumla ya mzigo wa safari moja katika chama chenu ni kilo ngapi?
2. Fundi wa kuchomelea alumini aliye karibu yuko wapi?
3. Ni nani atakayekagua ngama na anodi kila mwezi, na ataandika wapi?
4. Fedha isipotosha kununua mashua inayofaa, je, ni heri kungoja msimu mmoja au kununua isiyofaa?