SOMO LA WAFANYAKAZI: MVUA, MTAMA NA UJIRA WETU



Katika somo hili tunajifunza kupima jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyofika kwenye sufuria ya mfanyakazi. Tabianchi ni mwenendo wa hali ya hewa wa miaka mingi, si mvua ya juzi.

Kwanza, maji. Mto unaopita hapa Juba unatoka Ziwa Victoria. Mvua zikizidi Uganda, Kenya na Tanzania, ziwa hujaa, na maji huteremka kwetu hadi Jonglei na Unity. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2019. Mafuriko yalirudi mwaka hata mwaka. Mwaka 2021 mji wa Bentiu ulizingirwa na maji, ukalindwa na matuta ya udongo. Mashamba yakazama na ng'ombe wakafa.

Pili, barabara. Nchi yetu haivuni nafaka ya kuitosha. Sisi wa Juba hula unga unaoletwa na malori kutoka Uganda kupitia Nimule. Kwa hiyo ukame wa huko ni bei ya hapa, hata kama mvua ya Juba ni nzuri.

Tatu, vipimo. Kwa miaka mingi mashirika ya Umoja wa Mataifa, FAO na WFP, yamesaidiana na Serikali kukadiria mavuno. Kipo pia kipimo cha njaa chenye ngazi 5, kilichoanzia Somalia mwaka 2004. Ngazi ya 1, watu wanakula bila taabu. Ya 2, wamebanwa. Ya 3, wanapunguza milo au kuuza mali zao ili wale. Ya 4 ni hatari kubwa. Ya 5 ni baa la njaa. Februari 2017 baa la njaa lilitangazwa Leer na Mayendit. Chanzo kikubwa hapo kilikuwa vita. Basi tusiitwishe mvua mzigo wote. Kupima ni pamoja na kutafuta chanzo, maana dawa ya mafuriko si dawa ya vita.

Je, sisi tungoje wataalamu tu? Hapana. Wataalamu wenyewe hutumia kipimo tunachokijua: ujira wa siku unanunua mtama kiasi gani? Kila tawi lichukue daftari na kuandika mambo manne kila wiki: siku za mvua, hali ya barabara, bei ya malwa moja ya mtama sokoni Konyokonyo, na ujira wa kibarua wa siku.

Tuseme mwezi Januari ujira wa siku ulinunua malwa mbili, na Juni ukanunua moja. Fedha mkononi ni ile ile, lakini mshahara umekatwa nusu bila barua. Daftari litatuonyesha mwezi uliotuumiza na sababu yake. Tukienda kwa mwajiri na neno la mdomo, atasema tunalalamika. Tukienda na daftari, itabidi ajibu hesabu.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Ujira wa leo unanunua malwa ngapi? Mwaka jana je?
2. Bei ilipopanda, chanzo kilikuwa mvua, barabara, vita au thamani ya fedha?
3. Nani atashika daftari, na nani atamkagua?

Umoja ni nguvu.